Matuta Makavu ya Bonde la Miami

Wengi wenu mwayajua malambo. Katika sehemu kavu za nchi zetu watu hujenga tuta la udongo mahali penye bonde dogo, ili maji ya masika yapate kukaa, na ng'ombe wanywe wakati wa kiangazi. Lambo likijaa, kijiji kizima hufurahi. Likikauka, wazee huketi wakitazamana. Basi leo nataka kuwasimulia habari za matuta makubwa matano ya udongo yaliyoko Marekani, katika jimbo la Ohio, ambayo mambo yake ni kinyume kabisa. Nyuma ya matuta hayo karibu siku zote hakuna bwawa lo lote, na watu wa huko hawana huzuni, bali hushukuru. Mgeni ayaonaye kwa mara ya kwanza hudhani ya kwamba mafundi walijenga ukuta, kisha wakasahau kutia maji.

Mji mkubwa wa bonde hilo huitwa Dayton. Ulianzwa mwaka 1796, nao ulijengwa mahali pazuri kwa biashara na pabaya kwa usalama, kwa maana hapo ndipo mto Great Miami unapokutana na mto Stillwater, na mto Mad, na kijito cha Wolf, vyote karibu karibu. Mito hiyo ikiisha kuungana hushuka kusini, ikapita katika miji ya Miamisburg na Franklin na Middletown na Hamilton, hata kuingia katika mto Ohio. Watu wa kwanza waliojenga Dayton hawakukaa miaka kumi kabla ya kuona maji majumbani mwao. Mafuriko yalikuja mwaka 1805, tena 1828, tena 1847, tena 1866, tena 1898. Kila mara watu walifagia matope, wakainua kingo za mto kidogo, wakaendelea na kazi zao. Nasi tusiwacheke. Ni nani asiyejua kijiji kilicho hivyo, ambacho maji hukijia kila baada ya miaka kadha, na watu hurudi kujenga pale pale, kwa kuwa udongo ni mwema na makaburi ya baba zao yako hapo?

Msafiri akitoka Dayton kwa upande wa kaskazini-magharibi, baada ya maili kama kumi hufika Englewood. Hapo barabara kuu hupanda juu ya kitu kinachofanana na kilima kirefu kilichonyooka, kimefunikwa na majani mabichi. Lakini si kilima. Ni tuta lililofanywa na mikono ya watu, urefu wake futi 4,716, yaani karibu maili moja, na kwenda juu kwake futi 110. Magari hupita juu yake mchana na usiku, na wengi waendeshao hawajui ya kuwa wako juu ya boma. Upana wa chini, pale linapokalia ardhi, ni zaidi ya futi 700, kwa maana tuta la udongo halisimami kama ukuta wa mawe. Hulala, mfano wa ng'ombe aliyejinyosha, nalo hushinda maji kwa uzito wake tu.

Mtu akisimama juu na kutazama upande mmoja, huona miti, na malisho, na mto Stillwater ukija polepole. Akigeuka upande wa pili huona miti tena, na mto ule ule ukienda zake. Chini ya tuta mna njia za zege zilizo wazi, ambazo mto hupita ndani yake. Hamna mlango, wala kizibo, wala gurudumu la kufungulia, wala mlinzi mwenye ufunguo. Nitaeleza baadaye sababu yake, kwa maana hiyo ndiyo akili ya kazi yote. Lakini kwanza lazima tuende nyuma hata mwaka 1913.

Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 23 Machi. Watu wa Dayton walikwenda makanisani siku ile na mvua inaanza. Ikanyesha Jumapili, ikanyesha Jumatatu, ikanyesha Jumanne, juu ya bonde zima kwa pamoja. Katika siku zile chache zilianguka inchi 8 mpaka 11 za mvua, na ardhi ilikuwa imekwisha kushiba maji ya majira ya baridi, isiweze kunywa tena. Maji yote yakakimbilia mitoni. Kingo ambazo mji ulikuwa umejijengea ziliweza kupitisha kiasi fulani cha maji. Mto ulileta zaidi ya mara mbili ya kiasi kile. Asubuhi ya Jumanne tarehe 25 maji yakapita juu ya kingo, zikabomoka, na mto ukaingia mjini kwa nguvu kama farasi aliyekata kamba.

Katikati ya mji, penye maduka na mabenki, maji yalifika kina cha futi 20. Watu walipanda ghorofani, kisha darini, kisha wengine wakatoboa paa wakaketi juu yake katika baridi. Mabomba ya gesi yakapasuka, moto ukashika majumba ya biashara, na wazima moto hawakuweza kufika kwa sababu ya maji. Yalikuwa mateso ya ajabu: watu wamezungukwa na maji pande zote, na juu ya maji yale nyumba zinateketea.

Katika bonde zima walikufa watu zaidi ya 360. Farasi waliokufa walikuwa zaidi ya elfu moja, na mizoga yao ilijaa njiani matope yalipokauka. Huko Hamilton, mto uliyachukua madaraja yote manne, ndugu wa ng'ambo hii wasiweze kujua kama ndugu zao wa ng'ambo ile wanaishi. Mali iliyoharibika ilihesabiwa kuwa zaidi ya dola milioni 100, kwa fedha ya wakati ule.

Miongoni mwa waliookolewa alikuwako mzee mmoja mwenye miaka 84, Askofu Milton Wright wa kanisa la Ndugu Walioungana katika Kristo. Jina lake wengi hawalijui, lakini watoto wake wajulikana duniani kote: ndiye baba wa Wilbur na Orville Wright, waliorusha ndege ya kwanza mwaka 1903. Wilbur alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1912. Mzee yule alitolewa nyumbani kwake kwa mtumbwi. Vioo vya picha ambavyo ndugu wale walivitumia kuonyesha majaribio yao vilikuwa katika kibanda nyuma ya nyumba, vikazama. Kioo cha picha ile mashuhuri ya ndege ikiondoka ardhini kwa mara ya kwanza kiliharibika pembeni tu; sura ya ndege ikabaki. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi vitabuni bila kujua ya kuwa nayo iliponea chupuchupu katika mafuriko.

Kulikuwa na kiwanda kikubwa cha mashine za kuhesabia fedha za dukani, cha bwana John H. Patterson, kilichojengwa mahali palipoinuka. Bwana huyu aliwaamuru maseremala wake waache kazi zote, waunde mashua. Wakaunda karibu 300. Jiko la kiwanda likawa la kuoka mikate ya watu waliofukuzwa na maji, na vyumba vya kazi vikawa mahali pa kulala. Twakumbuka Nuhu, ila Nuhu alipewa muda wa kutosha. Hawa walipigilia misumari huku maji yapanda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa mawazo yangu ni kubwa kuliko mafuriko yenyewe. Watu waliokaa darini siku mbili tatu, wakisikia maji yakigonga ngazi chini yao, walisema moyoni, kama tusemavyo sote katika hatari, ya kwamba wakiokoka hawatakubali jambo hili litokee tena. Sasa mwajua wenyewe ahadi za namna hiyo huishi siku ngapi. Mgonjwa huahidi mengi usiku, na asubuhi akipata nafuu husahau nusu. Lakini Dayton walifanya shauri la kukusanya fedha upesi, kabla matope hayajakauka, nao walikuwa na maneno yao ambayo yaliandikwa na kusemwa kila mahali: Kumbuka ahadi ulizozitoa darini. Kwa maneno yale machache watu waliahidi zaidi ya dola milioni mbili katika majuma machache, na wengi wao walikuwa wamepoteza mali zao.

Fedha zikapatikana, akatafutwa mtu wa kuongoza kazi. Alichaguliwa mhandisi aitwaye Arthur Morgan, aliyezaliwa mwaka 1878. Walimu watapenda kujua ya kuwa mtu huyu hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alijifunza kazi yake kwa kuifanya na kwa kusoma. Watu wa mji walitaka aanze mara moja kuchimba mto na kuinua kingo, ili waone majembe yakienda. Yeye akakataa kufanya haraka. Akasema kwanza tujue mvua inaweza kuwa kubwa kiasi gani. Wasaidizi wake wakakusanya habari za mvua kubwa zilizonyesha katika sehemu za mashariki za Marekani, na wakatafuta hata Ulaya, ambako habari za mafuriko ya mito zimeandikwa kwa karne nyingi. Mwishowe akakata shauri ya kwamba kazi yo yote itakayofanywa sharti iweze kuzuia mafuriko kama yale ya 1913 na kuzidi kwa sehemu 40 katika kila 100.

Basi kama wangalipanua mto mjini upate kupitisha maji mengi namna hiyo, ingalikuwa lazima kubomoa sehemu kubwa ya mji wenyewe. Hapo ndipo walipokumbuka mto Loire huko Ufaransa, ambako tangu karne ya 18 palikuwa na boma lenye mwanya mwembamba, lililoachilia maji ya kawaida na kuchelewesha maji ya mafuriko. Morgan akashika shauri lile. Asiyaleta maji yote mjini kwa siku moja. Ayaweke nyuma huko mashambani, yateremke kwa siku nyingi.

Fikirini mtungi wenye tundu dogo chini. Ukiutilia maji kikombe kimoja kimoja, yatoka kama yalivyoingia. Ukiumwagia ndoo nzima kwa mara moja, maji hupanda ndani ya mtungi, lakini tundu hutoa kiasi kile kile tu. Ndivyo yalivyo matuta haya. Njia za zege zilizo chini yake zimepimwa ukubwa wake, ili zipitishe kiasi ambacho mto unaweza kukichukua katika miji ya chini bila kupita kingo zake, wala si zaidi. Siku za kawaida mto hupita kana kwamba hapana kitu. Siku ya mafuriko maji huzidi tundu, yakapanda nyuma ya tuta, yakafanya ziwa; na mvua ikiisha, ziwa hupungua lenyewe hata malisho yaonekane tena.

Mtaniuliza: mbona wasitie milango, ili ziwa libaki, watu wapate samaki na maji ya kiangazi? Wengi waliuliza vivyo hivyo wakati ule. Jibu ni kwamba mtungi uliojaa hauwezi kupokea ndoo nyingine. Yusufu huko Misri alijaza ghala zake katika miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya njaa. Hapa mafundi waliweka ghala tupu kwa makusudi, na kulinda utupu wake, kwa ajili ya siku ile moja. Tena mlango huhitaji mtu wa kuufungua, na mtu hulala, hulewa, huogopa, au hukosa njia ya kufika usiku wa tufani. Tundu lisilo na mlango halilali.

Lakini ghala hii tupu ilikuwa mashamba ya watu! Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ni haki kueleza maneno ya pande zote mbili. Wakulima wa wilaya za juu walisema: Maji hayakutuua sisi, ninyi wa mjini mmejenga penye mto, na sasa mwataka kuyatupa maji yenu juu ya ngano yetu. Maneno hayo hayakuwa ya upuzi. Kwa upande mwingine, watu wa miji ya chini walikuwa na makaburi mapya ya kuonyesha. Jimbo la Ohio lilitoa sheria mwezi wa Februari 1914 ya kuruhusu wilaya nyingi ziungane kwa kazi ya namna hii. Sheria ikapelekwa mahakamani, ikapingwa, ikajaribiwa tena na tena. Mwishowe, tarehe 28 Juni 1915, mahakimu waliotoka katika wilaya za bonde lile wakakubali chama kiundwe, kikaitwa Miami Conservancy District, yaani chama cha kuhifadhi bonde la Miami.

Shauri lililowapatanisha watu, kwa kadiri walivyopatanishwa, lilikuwa hili. Kila mwenye mali ambayo italindwa alipe kwa kadiri ya faida aipatayo. Mwenye duka kubwa karibu na mto alipe zaidi. Mwenye nyumba ndogo alipe kidogo. Aliye mlimani asilipe. Na wakulima wa juu walipwe kwa haki ya maji kukaa juu ya mashamba yao, kisha waendelee kulima, ila wasijenge nyumba mahali maji yatakapofika. Fedha nyingi, zaidi ya dola milioni 30, zilikopwa, na deni likalipwa polepole na wenye mali wa bonde wenyewe. Serikali kuu ya Marekani haikuwajengea.

Mimi naona shauri hili lilikuwa la busara, lakini halikumponya kila mtu. Lilikuwako kijiji kiitwacho Osborn, chenye kanisa na maduka na kituo cha gari la moshi, kilichosimama kweli kweli katika bonde la mto Mad, mahali ambapo ziwa la tuta la Huffman lingefika. Watu wa Osborn hawakutaka kutawanyika. Basi wakafanya jambo la ajabu: wakauhamisha mji. Nyumba karibu 400, ambazo nyingi zilikuwa za mbao, ziling'olewa katika misingi yake, zikakokotwa kwa mashine umbali wa maili tatu hivi, na kuwekwa tena katika misingi mipya karibu na kijiji cha Fairfield. Kazi hiyo ilifanyika miaka ya mwanzo ya 1920. Vijiji viwili hivyo viliishi ubavu kwa ubavu mpaka mwaka 1950, vilipounganika vikawa mji mmoja, na jina lake likafanywa kwa kuunganisha majina yote mawili: Fairborn.

Kazi ya kujenga ilianza mwaka 1918 na kumalizika mwaka 1922. Matuta ni matano: Germantown juu ya kijito cha Twin, Englewood juu ya Stillwater, Lockington juu ya kijito cha Loramie, Taylorsville juu ya Great Miami wenyewe, na Huffman juu ya Mad. Lockington si refu kwenda juu, lakini ndilo lililonyooka kupita yote, futi 6,400. Karibu na kila tuta kilijengwa kijiji cha wafanya kazi, chenye nyumba za familia, na maji safi, na shule ya watoto. Na jioni palikuwa na masomo ya watu wazima. Morgan aliamini ya kuwa mtu akiishi vibaya hujenga vibaya. Twaweza kujiuliza ni kambi ngapi za kazi tulizoziona ambazo wakubwa wake walikumbuka shule.

Namna ya kujenga yastahili kuelezwa, kwa kuwa udongo si kitu cha kumwaga tu. Udongo ulichimbwa, ukachanganywa na maji, ukasukumwa kwa pampu ndani ya mabomba mpaka juu ya tuta, na kumwagwa kwenye kingo zake mbili. Maji yakatiririka kuelekea katikati, ambako palikuwa na kidimbwi. Changarawe na mchanga, kwa kuwa ni vizito, vilianguka kwanza, vikabaki kingoni. Udongo laini wa mfinyanzi ukachukuliwa hata katikati, ukatulia humo. Hivyo tuta likajipanga lenyewe: ndani moyo wa mfinyanzi usiopitisha maji, na nje vazi zito la changarawe la kuushika moyo usihame. Kila mama ambaye ameosha mchele wenye mchanga anaijua kanuni hiyo. Katika tuta la Englewood peke yake waliweka zaidi ya yadi za ujazo milioni tatu.

Hatari nyingine ilikuwa pale maji yatokapo. Maji yakipita katika njia nyembamba na ziwa zito likiyasukuma nyuma, hutoka kwa kasi ya kutisha, yakachimba ardhi chini ya tuta, na tuta lililochimbwa miguu huanguka. Mafundi wakafanya majaribio kwa mifano midogo katika birika la kuogelea la bwana mmoja tajiri wa mji ule, hata wakapata umbo la ngazi na vizuizi vya zege ambavyo huyafanya maji yajigonge yenyewe, yaruke, yatulie, kisha yaende zake yamechoka.

Hayo yote si mambo ya wasiwasi wa bure. Tuta la udongo lililojengwa au kutunzwa vibaya ni adui mbaya kuliko mto. Katika jimbo la Pennsylvania, huko huko Marekani, palikuwa na bwawa la South Fork, ambalo matajiri walilifanya mahali pa kuvua samaki. Mabomba ya kutolea maji chini yalikuwa yameondolewa, na njia ya maji ya ziada iliwekewa nyavu za chuma samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikanyesha, maji yakapita juu ya tuta, likakatika, na mji wa Johnstown ukafunikwa. Walikufa watu 2,209. Hata kwetu Afrika ya Mashariki, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, lambo la udongo lililokuwa juu ya kilima huko Solai, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilipasuka wakati wa masika, na maji yakawashukia watu nyumbani. Zaidi ya 40 wakapoteza maisha, na watoto wengi walikuwa miongoni mwao. Maji yakianza kupita juu ya tuta la udongo, huula udongo ule upesi. Kwa hiyo lazima pawe na njia imara ya pembeni kwa maji ya ziada, na njia hiyo isizibwe kwa sababu ya samaki wala kwa sababu nyingine yo yote.

Tangu mwaka 1922 matuta ya Miami yamezuia maji zaidi ya mara 2,000. Mara nyingi ni kidogo tu, malisho yamelowa siku moja mbili. Lakini mwezi wa Januari 1959 ilikuja mvua kubwa sana, mito ikafurika katika sehemu nyingi za Ohio. Dayton ikakaa kavu. Magazeti ya siku kama ile hayana habari kubwa ya kuandika: watu walikwenda kazini, wakarudi. Ni vigumu kumwonyesha mtu nyumba ambayo haikuzama.

Nyuma ya tuta la Huffman kuna uwanda uitwao Huffman Prairie. Huko ndiko ndugu wa Wright walikojifunza kurusha ndege zao mwaka 1904 na 1905, walipokwisha kutoka pwani ya Kitty Hawk. Kwa kuwa hapana ruhusa ya kujenga majumba katika bonde lile la maji, sehemu kubwa ya uwanda imebaki majani matupu, na mgeni akisimama kilimani penye ukumbusho wa ndugu wale aweza kuutazama karibu kama walivyouona wao.

Utunzaji ni kazi isiyo na sifa. Majani juu ya matuta hukatwa, ili nyufa na unyevu vionekane mapema. Miti haiachwi kuota, kwa maana mizizi ikioza huacha njia za maji ndani. Kuna mnyama wa huko achimbaye mashimo, anayekaribia ukubwa wa pelele. Mashimo yake hutafutwa na kuzibwa, kwa kuwa shimo la mnyama mdogo ni mlango wa mto. Pamefukiwa mirija ya kupimia maji yaliyopenya ndani ya udongo, na watu huenda kuisoma. Magogo yaliyoletwa na mafuriko na kukwama penye midomo ya njia za zege huondolewa. Na zege lenyewe, ambalo umri wake umepita miaka 100, lapasuka hapa na pale na kutengenezwa.

Kazi hiyo bado yalipwa na wenye mali waliolindwa, kwa kanuni ile ya mwaka 1914. Mwaka 2024 chama kilipotoa shauri la kuongeza malipo, ili kutengeneza kingo na matuta yaliyozeeka, watu wengi wa miji ya chini walinung'unika, nao walikuja mikutanoni kwa wingi kupinga. Wengine walikuwa na haki, kwa kuwa kiasi walichotakiwa kilipanda ghafula na mifuko yao ni midogo. Lakini katika wote waliosimama kusema hakuwako hata mmoja aliyekaa darini mwaka 1913. Wale wote wamekwisha kuzikwa, na wengi wao wamezikwa katika ardhi ambayo haijapata maji tena.

Katika Fairborn baadhi ya nyumba zilizokokotwa kutoka Osborn zingali zakaliwa. Ukiulizia utaonyeshwa, ni nyumba za mbao za kawaida, zina maua mbele na ubaraza wa kuketi jioni, na hazina alama yo yote ya safari yake.